Nati Nilizokaza Kimya Kimya

Jumapili, tarehe 24 Novemba. Asubuhi jua kali. Saa nane mchana mvua ilishuka na upepo wake, ikapiga bati nusu saa, kisha ikakatika ghafla. Uwanja wote sasa ni mabawa ya kumbikumbi.

Vijana wangu mnaojifunza ufundi, hamjambo. Mwalimu wenu alinijia juzi akaniomba niwaandikie kuhusu kazi, hasa ile ya kuunda gari jipya. Nilimwambia amekosea nyumba. Mimi ni mtu wa darasa la saba, na mwandiko wangu, kwa maneno ya mke wangu Mama Zaina, ni kama kuku aliyekimbizwa juu ya karatasi. Ila nina madaftari. Kwa miaka mingi kila jioni nimeandika mambo matatu: hali ya hewa, kazi niliyoshika, na tulichokula. Leo wakati wa mvua nimeyafungua. Nitawaeleza yaliyomo, pamoja na moja ambalo halimo, kwa sababu siku zile niliona aibu kuliandika.

Karakana yetu ilikuwa Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Tuliunda matela, mageti na mikokoteni ya ng'ombe. Tulikarabati pia guta, yale magari ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Mnayajua. Mengi yametengenezwa kwa ajili ya barabara nzuri. Ukilipeleka Goweko likarudi na magunia ya karanga, fremu inapasuka kabla ya msimu kwisha. Tuliyachomelea, tukayachomelea, mpaka tajiri wetu akasema, "Haya magari sasa nusu ni weldi zenu. Kwa nini tusiunde la kwetu zima?"

Sisi tukaona ni jambo la wiki tatu. Kata chuma, chomelea, funga injini ya pikipiki, paka rangi. Tajiri, na hapa nampa sifa yake, alikataa. Akaleta mhandisi kutoka Dar es Salaam, binti mwembamba mwenye sauti ya mnadani. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Shikamooni, wazee. Naitwa Mwanahawa, Mzaramo wa Kisarawe. Nasikia humu ndani mmejaa Wanyamwezi."

Tukajua hatuna raha tena. Kwa ninyi mliozaliwa juzi: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipotoka huku na mizigo mabegani hadi Pwani, wakipita kwao. Mtani anakusema atakavyo, hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika.

Luhende, dereva wetu wa majaribio, kijana wa Goweko mwenye mdomo kushinda honi, alimjibu palepale. "Karibu, mtani. Tumekungoja sana. Bibi zako waliwauzia babu zetu maji ya kunywa kwa shanga. Leo tutakuuzia ya kuoga."

"Nyie wapagazi mna maneno," akasema Injinia. "Basi gari hili tutaliita Mpagazi. Tuone kama nalo litafika na mzigo, au litakaa njiani likilalamika miguu."

Jina likabaki hilo.

Nilidhani mhandisi ataanza na michoro. Alianza na ubao na maswali. Alitaka tutaje kila kitu ndani ya Mpagazi kinachoweza kuharibika, halafu kwa kila kimoja tujibu matatu: kuna uwezekano gani kiharibike, kikiharibika nani ataumia, na je, dereva atajua mapema? Kila jibu linapewa alama, moja mpaka kumi, kumi ikiwa mbaya zaidi, kisha zinazidishwa. Chenye namba kubwa ndicho kinachoshughulikiwa kwanza.

Kwa kweli jambo lile lilinikera. Sikuzoea kuanza kazi kwa kutabiri mabaya. Nikamwambia, "Injinia, hii ni kumshonea mtoto sanda kabla hajazaliwa."

"Sanda hatushoni, Mzee Mrisho. Tunauliza mtoto atatambaa kuelekea wapi, ili tuondoe jiko."

Daftari la siku hiyo linasema: "Mawingu. Kuandika ubaoni kutwa. Injinia kanishinda. Ugali na dagaa."

Luhende alitaka honi ipewe alama kumi ya hatari. Tukamcheka sana. Akasema, "Chekeni tu. Njia ya Goweko ng'ombe hawaangalii taa, hawaangalii breki. Wanasikiliza honi." Injinia peke yake hakucheka, aliandika. Na haki ya mtu apewe: honi ilikufa safari ya tatu, na ng'ombe waliokuwa barabarani siku hiyo hawakusogea mpaka Luhende aliposhuka na kuwaimbia.

Tukafika kwenye yuboti. Hizi ni boliti zilizopindwa kama mkono wa ndoo, zinazobana springi za nyuma na ekseli zisiachane. Mpagazi alikuwa nazo nne, kila moja na nati mbili, jumla nati nane. Upande wa chini wa gari ulikuwa wangu, hivyo alama nilizitoa mimi. Zikilegea, nani ataumia? Nikasema kumi, maana ekseli ikiteleza gari linavuta upande na linaweza kupinduka. Kuna uwezekano gani zilegee? Nikasema moja.

"Moja, mzee?" akauliza Injinia. "Kwa njia ile?"

"Nikikaza mimi, imekazika."

Akaandika moja. Hakunibishia, kwa heshima ya mvi zangu. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na naomba mlikumbuke tunapoendelea.

Alitufundisha pia kwamba vyuma vina umri kama sisi. Alichora mstari unaoanza juu, unashuka, unatambaa chini muda mrefu, halafu unapanda tena. Huko alikosoma waliufananisha na beseni kubwa la kuogea. Sisi tukaona ni karai la zege lililokatwa katikati, tukauita karai. Ukingo wa kushoto ni vitu vinavyokufa vichanga: weldi mbovu, nati iliyosahauliwa. Pale chini ni utu uzima, vinakufa kwa ajali tu. Ukingo wa kulia ni uzee, beringi imelika, mpira umechoka. Luhende akanitazama. "Mzee Mrisho, wewe ukingo wa kulia umeshaupanda nusu." Nikamwambia yeye hajatoka ule wa kushoto, na tusishangae akifa kwa weldi mbovu.

Sasa majaribio. Tulipakia mifuko ya mchanga kufikia uzito wa mzigo kamili, na zaidi kidogo. Kila asubuhi Luhende aliondoka na Mpagazi kwenda Goweko kupitia Igalula, akarudi alasiri. Njia ile kuna mchanga, kuna makorongo, na kuna rasta, yale mawimbi ya barabarani yanayotetemesha meno. Kila kilichokatika, kulegea au kuvuja kiliandikwa: safari ya ngapi, mahali gani, mzigo kiasi gani.

Tatizo likawa sisi wenyewe. Fundi hapendi kazi yake iandikwe kwamba imevunjika. Weldi ya kiti ilipopasuka, aliyeichomelea alinong'ona na Luhende ili iandikwe kwamba Luhende kanenepa. Injinia aliligundua hilo mapema, akatumia utani wetu kulitibu. Aliweka kasha la mbao pembeni mwa karakana, akaandika juu yake MAKABURINI. Kila kifaa kilichokufa kilizikwa humo na karatasi yake, na fundi aliyekifunga alitakiwa asimame asome wasifu wa marehemu. Injinia alikuwa mtani wa msiba: analia kwa sauti, anagaragara karibu na kasha, anadai kuku, anamtukana marehemu kwa uvivu wake. Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Baada ya hapo hakuna aliyeficha tena kifo cha kifaa chake. Kila mtu alitaka zamu ya kusoma wasifu.

Hakuna aliyeficha, isipokuwa mimi.

Ngoja niwaeleze habari ya marehemu fundi Bakari, aliyenishika mkono nilipoanza kazi. Alikuwa fundi baiskeli, baadaye matela. Alinifundisha adabu moja: mteja akikuletea chombo, pita nati zake zote kwa spana, hata kama alichokuja nacho ni kengele. Ukikuta imelegea, kaza, nyamaza. Usimwambie, utamtia hofu. Usijisifu. Siku nyingine atasema tu kwamba chombo kikitoka kwako kinadumu. Adabu hii niliishika miaka yote, na sisemi kwamba ni mbaya. Mzee Bakari alikuwa mtu mwema na mikono yake ilikuwa safi.

Basi wakati wa majaribio nilikuwa nafika karakana kabla ya wenzangu, nimetoka kuswali alfajiri. Naingia chini ya Mpagazi na spana namba kumi na saba, napitia zile nati nane. Kila siku zilikubali kidogo, robo mzunguko, pengine pungufu ya hapo. Nakaza, najifuta mikono, nawasha jiko la chai. Wakija wanakuta chai.

Sikudhani ni kosa. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Lakini sina hakika mpaka leo, maana kama moyo ulikuwa mweupe, kwa nini nilikuwa natoka chini ya gari haraka kila niliposikia geti?

Safari zikafika arobaini. Makaburini kulikuwa na honi, taa, weldi ya kiti, waya wa breki na vingine. Yuboti hakuna. Injinia alimwambia tajiri kwamba upande wa chini ndio ulioongoza kwa uimara, akanitazama kwa furaha, nami nikatazama chai. Tajiri akapanga Mpagazi wa kwanza aende kwa akina mama wafuga nyuki wa Goweko. Kiongozi wao, Mama Kabula, alikuwa ameahidiwa kulipata kabla ya mvua.

Lilibaki jaribio la wiki moja. Jioni moja, gari lilipokwisha kurudi, Injinia akatoa mkobani kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ya kuwaka. Kwenye kila nati akapiga mstari mwembamba unaoanzia juu ya nati na kuishia kwenye sahani ya chuma iliyo chini yake.

"Nati ikizunguka hata kidogo, mstari utakatika," akasema. "Dereva hahitaji spana kujua. Macho yanatosha."

Nilimsifu kwa dhati. Nilisema hilo ni wazo zuri kuliko yote aliyoleta. Haikunipitia kabisa kichwani kwamba linanihusu.

Asubuhi iliyofuata mkono ulianza kazi kabla kichwa hakijaamka. Nati ya kwanza, robo. Ya pili, robo. Nilipofika ya tatu tochi ikamulika ule wekundu, nikaona mistari miwili imekatika, tena nati zimekwenda mbele. Nati inayolegea yenyewe hurudi nyuma. Hizi zilikwenda upande wa kukaza. Hata mtu asiyejua spana angetambua kwamba kuna mkono umepita.

Nilipanda baiskeli nikarudi nyumbani kasi ambayo sijawahi kuirudia.

"Mama Zaina, ile rangi yako ya kucha iko wapi?"

Alikuwa anapeta mchele. Aliushusha ungo. "Unaitakia nini?"

"Kazi."

"Tangu lini mafundi mnapaka kucha?"

"Nipe tu, mama, nachelewa."

"Nikupe leo rangi ya kucha, kesho uje kuniomba wanja. Mrisho, huko karakana mna nini na huyo Mzaramo?"

Alinipa, huku akinitazama kuanzia viatu mpaka kofia. Ilikuwa nyekundu ileile. Nikaitia mfukoni, nikakanyaga baiskeli kurudi. Mpango wangu ulikuwa kufuta mistari miwili na kuipiga upya, basi. Dakika mbili. Hakuna ambaye angejua.

Lakini nilipofika, geti lilikuwa wazi na watu wamesimama karibu na Mpagazi. Mama Kabula alikuwa amefika kwa treni ya asubuhi kulitazama gari lake. Mama mfupi, mpana, kanga mbili, mikono yenye alama za nyuki. Analizunguka gari polepole, anagonga bati kwa kidole kama anayechagua tikiti.

"Mwangaluka, baba," akanisalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mama."

"Hili ndilo letu? Litabeba asali?"

"Litabeba asali, mizinga, na nyuki wenyewe wakikubali kukaa," akasema Luhende.

Mama Kabula hakucheka. "Na mtu je? Mke wa mwanangu ni mjamzito, anatazamia mwezi wa kumi na mbili. Huko kwetu zahanati iko mbali, na fundi wa gari hatuna. Nataka kujua kitu kimoja. Nikimlaza huku nyuma juu ya godoro, atafika?"

Injinia akamweleza habari za safari arobaini, kwamba chini hakujalegea kitu. "Lakini aliyefunga upande huo ni huyu hapa, Mzee Mrisho. Muulize mwenyewe."

Mama akanigeukia. "Baba, atafika?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika kile kichupa. Nikasema, "Nikiwepo mimi kila asubuhi, atafika."

"Utakuwepo?"

"Hapana, mama."

Nikakitoa kichupa nikakiweka juu ya tairi la nyuma, kila mtu akakitazama. Nikasema, "Injinia, kuna maiti nimekuwa nikimficha."

Nikaeleza yote. Alfajiri, spana, robo mzunguko, mistari miwili, Mama Zaina. Ningependa kuwaambia kwamba niliungama kwa sababu ya uaminifu. Sijui. Kama yule mama angechelewa treni, nadhani ningepiga rangi.

Injinia alikaa juu ya kigoda, akafungua daftari la majaribio, akaanza kuandika kwenye ukurasa wa kila safari, kuanzia ya kwanza: Mzee Mrisho alikaza. Mzee Mrisho alikaza. Tulisikia kalamu tu. Alipofika ya arobaini akafunga daftari.

"Kumbe Mpagazi ana kifaa ambacho hakimo kwenye mchoro," akasema. "Kifaa chenyewe ni mzee mmoja mwenye spana. Luhende, tupime urefu wake. Itabidi kila gari tunalouza tumfunge Mzee Mrisho mmoja chini, tumpe na chai."

Luhende akakaa chini kabisa kwa kicheko. Injinia naye akaanza kulia kilio chake cha mtani, mikono kichwani. "Uwii, safari arobaini zimekufa siku moja! Mnyamwezi kaniua! Angalau zimetimia arobaini, hitima tunasoma leoleo. Kuku wangu yuko wapi?"

Nikasimama mbele ya kasha nikasoma wasifu wa marehemu, yaani wa majaribio yote. Uso uliniwaka moto. Lakini niwaambieni, ilikuwa rahisi kuliko kukaa na kile kichupa mfukoni. Mama Kabula alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema, "Afadhali mmelia nyie hapa kuliko nilie mimi kule." Akaondoka bila gari.

Tajiri hakuwa na utani. Alinifokea mbele ya watu, na alikuwa na haki, maana ahadi ilikuwa imevunjika na jina lililochafuka lilikuwa lake. Alitaka nikae pembeni mpaka nistaafu. Injinia alikataa. "Huyu ndiye mtu pekee anayejua nati hizi hulegea kiasi gani kwa kila safari. Vipimo vyote viko kwenye mkono wake." Akaniweka kitini akaanza kuniuliza kama polisi. Zipi zilikuwa zinakubali zaidi? Nikafumba macho, mkono ukakumbuka: za kushoto, hasa mbili za mbele. Za kulia kidogo tu. Mbona kushoto? Tukatazama, tukagundua dumu la mafuta na bomba la moshi vyote viko upande huo, uzito haujagawanyika sawa. Jambo hilo lisingeonekana kwenye safari arobaini zilizoandikwa "hakuna tatizo".

Tukaanza upya kutoka safari ya kwanza. Injinia alichukua spana yangu namba kumi na saba akaifungia kwenye droo yake. Nami nikatakiwa nisafiri na Luhende kila siku, nitazame, nisiguse. Hiyo ndiyo adhabu kubwa niliyowahi kupewa katika ufundi. Kila tuliposimama nilichungulia mistari. Safari ya pili nyekundu imekatika kwa upana wa kidole. Ya tano, upana wa vidole viwili. Mkono uliwasha kama umepakwa upupu.

"Mzee, kaa juu ya mikono yako," Luhende aliniambia.

Nilikaa juu ya mikono yangu.

Safari ya tisa, tumepita Igalula, tunashuka kwenye korongo dogo polepole sana, nikasikia mlio kama mtu aliyevunja kuni mbichi. Mpagazi akavuta kushoto, gurudumu la nyuma likasugua bodi, tukasimama tumeinama, mifuko miwili ya mchanga ikadondoka na kupasuka. Ekseli ilikuwa imeteleza. Luhende alipiga simu karakana: "Injinia, Mpagazi kakaa kitako. Mzee Mrisho mzima, ila anatazama mchanga kama amepoteza ndugu."

Ni kweli nilitazama. Ile mifuko ilikuwa nyuma, mahali ambapo godoro lingekaa. Injinia alikuja kwa pikipiki, hakutania. Alinipa ile spana mkononi, nikairudisha ekseli mahali pake.

Baadaye tulirekebisha. Dumu la mafuta lilihamia kulia, yuboti zikawa nene zaidi, kila nati ikapata nati ya pili ya kuilinda, na sahani ya chuma ikatobolewa ili msumari wa springi, ule unaozishika katikati, uingie barabara, usiache nafasi ya kuteleza. Injinia alileta pia spana ya kipimo, inayolia "ka!" nati ikifikia nguvu inayotakiwa. Nilidharau. Nikamwambia mkono wangu unajua. Tukashindana mbele ya karakana nzima, mimi nakaza kwa spana yangu, yeye anapima. Nati ya kwanza nilipatia kabisa, naomba mliandike hilo. Ya pili nilikaribia. Ya tatu nilizidisha, na ya nne, kwa sababu Luhende alikuwa ananiimbia, ilikuwa legelege. Tangu siku hiyo nilitumia ile inayolia.

Na lile jambo nililokuwa nikilifanya alfajiri hatukulitupa. Injinia aliliingiza kwenye mafunzo ya dereva: kila asubuhi kabla ya kuondoka, inama, tazama mistari myekundu minane. Ikiwa imenyooka, nenda. Ikikatika, usiende, piga simu. Ndipo nilipomwelewa vizuri marehemu Bakari na mahali alipokosea, kama naweza kusema hivyo bila kumvunjia heshima. Kukaza ni kuzuri. Kunyamaza ndiko kulikotaka kutuua.

Safari zile mpya zilipita idadi ya zile za uongo na nati hazikusogea. Lakini sitaki mdhani kila kitu kiliishia vizuri kama hadithi. Tulichelewa. Mvua zilianza, mwezi wa kumi na mbili ukafika, na mke wa mwana wa Mama Kabula alipelekwa zahanati kwa pikipiki, amekaa katikati ya watu wawili. Alifika, akajifungua salama mtoto wa kike. Mama Kabula alinipigia simu kunieleza, na alinisema kwa dakika nyingi, Kiswahili na Kinyamwezi. Nilistahili. Gari alilipata mwezi wa pili, na safari ya kwanza iliyobeba watu ilikuwa ya mtoto yule na mama yake kwenda kliniki, juu ya godoro.

Leo, kabla ya mvua, nimesikia honi nje. Ni honi ambayo Luhende aliipigania, unaisikia tangu sokoni. Mama Kabula ameleta asali mjini, akapita kutusalimu na kumwachia Mama Zaina galoni moja. Nimechukua tochi nikainama chini ya Mpagazi. Rangi imefubaa, imepakwa tena mara nyingi na mikono isiyo yetu, lakini mistari yote minane ilikuwa imenyooka. Mkono uliwasha. Mama Kabula alisimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Baba, umeshika nini?"

"Sijashika kitu, mama."

"Toka huko. Mimi mwenyewe nimetazama leo asubuhi."

Nikatoka.

Jioni tumekula ugali wa mtama na uyoga wa kwanza wa mvua hizi, umepikwa kwa karanga, na mezani asali. Lakini kabla ya kula Mama Zaina aliigeuza galoni kwenye mwanga wa taa, maana mchana, nilipokuwa nje na wageni, alikuwa amepiga mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye kifuniko mpaka kwenye shingo ya galoni, apate kujua kama nimeifungua. Akautazama mstari, akanitazama mimi. Ulikuwa umenyooka.